Kisu cha Smokie si Silaha, Afande

Wasee, leo hakuna kuchekesha. Wengi wenu mnanijua kwa zile vidio za chakula cha mtaani, mutura, viazi karai, mahindi choma, na najua kuna wale wanaongoja nimalizie ile ya nani anatengeneza kachumbari kali zaidi Eastlands. Itangoja. Leo nataka tuongee kuhusu kisu, tena kisu kimoja tu, cha shilingi 150, chenye mpini wa plastiki ya manjano, ambacho mpaka leo kimekaa kwa kabati ya polisi kama kielelezo cha kesi ambayo haipo.

Ni hivi. Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi tulikuwa tunatoka steji na jamaa wangu wa smokie. Jina lake sitaji kwa sababu ameniomba, na kituo sitaji kwa sababu bado naishi mtaa huo huo na napenda kulala kwangu. Ilikuwa saa tatu usiku hivi. Alikuwa ameuza vizuri mno. Mwisho wa mwezi watu wako na pesa, hata wale wa kununua smokie moja na kuomba kachumbari ya watu wawili walikuwa wananunua mbili mbili. Toroli huwa analiacha kwa stoo ya mathee mmoja anayemtoza 50 kwa usiku. Kisu haachi. Kisu kizuri cha kupasua smokie ukikiacha stoo, asubuhi utakuta kimeenda kukata nyama ya watu wengine. Kwa hivyo kila usiku anakifunga kwa gazeti, anakitia kwa begi pamoja na kibao na kile kitambaa chake, tunaenda.

Kwa kona tukapatana na karao wawili wa doria.

"Vijana, simameni hapo. Mnatoka wapi?"

"Kazini, afande."

"Fungua begi."

Akafungua. Gazeti likafunguliwa. Kisu hicho.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kazi, afande. Nauza smokie hapo steji."

"Na smokie ziko wapi?"

"Zimeisha."

Yule afande alicheka, akamwangalia mwenzake, akarudia polepole, "Ati zimeisha." Hapo ndipo kesi ilipoanza na hapo ndipo ilipoishia. Jamaa angekuwa ameuza vibaya siku hiyo, angekuwa na smokie 20 kwa begi na angekuwa na ushahidi. Alikamatwa kwa sababu biashara ilienda vizuri.

Sasa mimi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kando yake na tripodi ya chuma begani. Ile kitu ina miguu mitatu, kila mguu ni kama nondo, na ukimgonga nayo mtu kichwani hatajua alikuwa anaitwa nani. Hakuna aliyeniuliza ni ya nini. Waliangalia viatu vyangu, wakaangalia kamera, wakaniambia, "Wewe wa kamera, enda nyumbani." Na nikaenda. Niliwaza nikifika kwa nyumba nitampigia mtu simu, na nikapiga, lakini ukweli ni kwamba nilienda. Hiyo imenikaa kwa roho mpaka leo na ndiyo sababu mojawapo naandika hii badala ya kurekodi. Mbele ya kamera ningejifanya shujaa.

Kama unaishi Kenya unajua yaliyofuata. Aliambiwa "aongee vizuri". Alikuwa ameshatuma pesa ya stoki kwa M-Pesa, mfukoni amebaki na 140. Kwa 140 huwezi kuongea vizuri. Akalala ndani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mama yake alienda Jumamosi asubuhi kuuliza dhamana ya polisi, ile ambayo imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kwamba ni bure, akaambiwa afisa mwenye faili hayuko. Jumapili hayuko. Jumatatu mapema, kabla ya lori la mahakamani kuondoka, afisa akapatikana. Mama akatoa 3,000, kijana akatoka, hakuna stakabadhi, hakuna shtaka, hakuna hakimu. Alipouliza kisu chake akaambiwa hicho ni kielelezo. Kielelezo cha nini, na hakuna kesi?

Na kwa nini Ijumaa? Nyinyi mnacheka tukisema "kamata kamata ya Ijumaa", lakini ina hesabu yake. Katiba, Ibara ya 49, inasema ukikamatwa ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha. Poa. Lakini inaongeza kwamba hizo saa 24 zikiishia siku ambayo korti haifanyi kazi, basi unafikishwa kabla ya mwisho wa siku inayofuata ya korti. Ukikamatwa Jumanne usiku, uko mbele ya hakimu Jumatano au Alhamisi. Ukikamatwa Ijumaa usiku, saa zako zinaishia Jumamosi usiku, na hapo unasukumwa mpaka Jumatatu. Kwa hivyo Ijumaa usiku afande ana bidhaa ya kuuza: wikendi yako. Anayejua mama yako atalipa ili upate hiyo wikendi hahitaji kesi. Anahitaji tu kisingizio kinachoonekana vizuri mkononi, na hakuna kitu kinachoonekana vizuri mkononi mwa polisi kuliko kisu.

Sasa tuingie kwa sheria yenyewe. Ndio, najua, mimi ni yule niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikakataa na mimi nikakataa, na hata sikuwa nasomea sheria. Sawa. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, iko kwa intaneti bure, Kenya Law wameiweka hapo kila mtu asome, na imeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida kuliko fomu ya mkopo wa simu. Nimesoma vifungu vinavyohusu mambo haya mara nyingi mwezi huu kuliko nilivyosoma noti zozote za chuo.

Katika Kanuni hiyo hakuna kifungu kinachosema "kubeba kisu hadharani ni kosa". Tafuta. Hakuna urefu wa kisu uliotajwa, inchi tatu, inchi sita, hakuna. Kilichopo ni vifungu vitatu ambavyo karao huvitupa vyote pamoja kama githeri.

Cha kwanza ni cha 88. Hicho kinamhusu mtu anayetembea amejihami hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kumtia mtu hofu. Soma tena: bila sababu halali, na kwa namna ya kutia hofu. Vyote viwili. Kisu kilichofungwa kwa gazeti ndani ya begi kilimtia nani hofu? Wale walikuwa hawajakiona mpaka wakafungua wenyewe.

Cha 89 ndicho kizito. Kinasema ukibeba bunduki au silaha nyingine ya kudhuru bila sababu ya maana, katika mazingira yanayoonyesha kwamba imekusudiwa kutumika au imetoka kutumika kuvuruga amani ya watu, basi unaweza kufungwa si chini ya miaka 7 na si zaidi ya 15. Miaka saba! Na cha 308 ni cha mtu anayepatikana na silaha katika mazingira yanayoonyesha alikuwa anaenda kufanya kosa kubwa, wizi wa nguvu kwa mfano. Hicho pia ni miaka 7 mpaka 15. Ndiyo maana jamaa akitajiwa "mia tatu na nane" pale dawatini magoti yanalegea na simu ya mama inapigwa.

Lakini angalia, hivyo vifungu vyote vinaongea kuhusu mazingira na nia, si chuma. Na ukienda kwa Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, utapata maana ya silaha ya kudhuru: ni kitu kilichotengenezwa au kubadilishwa ili kuumiza mtu, au kitu chochote ambacho aliyenacho amekusudia kukitumia hivyo. Kisu cha jikoni hakikutengenezwa kuumiza mtu. Kwa hivyo kiwe silaha, lazima uonyeshe nia ya aliyekibeba. Na nia ya mtu mwenye kibao chenye mafuta, kitambaa chenye harufu ya pilipili na vidole vyenye kitunguu ni kupasua smokie. Karao alikuwa na pua. Angenusa begi.

Tena hatukuwa mbali na steji. Ilikuwa hatua 200. Pale steji kulikuwa na makondakta, mama wa mayai na vijana wa boda ambao wanamjua jamaa kwa miaka mitatu. Dakika tano za kuuliza zingemaliza mambo. Hakuna aliyetaka kuuliza, kwa sababu jibu lingeharibu bei.

Dakika chache kabla ya hiyo kona tulikuwa tumepita geti la zile ghorofa mpya. Hapo kuna mzee wa Kimaasai, soja wa usiku. Tukamsalimia "Sopa", akatuitikia "Epa" kama kawaida. Kiunoni ana sime ndani ya ala nyekundu, mkononi rungu. Sime ni upanga, wasee, tusidanganyane, una makali pande mbili na ulitengenezwa kwa vita na simba, si kwa kachumbari. Wale karao wawili walikuwa wametoka upande huo huo na mzee aliniambia kesho yake kwamba hata walimwachia sigara.

Tafadhali msinielewe vibaya hapa, kwa sababu najua kuna fala atakuja kusema nawachukia Wamaasai. Nasema kinyume kabisa. Mzee yuko sawa, na karao waliompita wakimsalimia walikuwa sawa. Ana sababu halali, analinda geti. Sime ni sehemu ya mavazi yake, na Katiba Ibara ya 44 inampa haki ya utamaduni wake. Hatishi mtu, watoto wanacheza karibu na kiti chake. Bendera yenyewe ya nchi hii imebeba mikuki miwili na ngao, na simba wawili kwa nembo ya taifa wameshika mikuki. Hatujawahi kuwa taifa la kuogopa chuma kwa sababu tu ni chuma. Nenda Mombasa, mwuza madafu anasukuma mkokoteni katikati ya mji akiwa na panga iliyonolewa mpaka inang'aa, anakata dafu hewani mbele ya mtoto, na mama wa mtoto anasema tu "mpunguzie nyama". Mwuza miwa, vile vile. Mchinjaji wa kuku sokoni Burma, vile vile. Sote tunajua kwa kuangalia tu nani ana chombo cha kazi na nani ana silaha. Polisi pia wanajua. Ninachouliza ni kwa nini huo ujuzi unaisha Ijumaa saa tatu usiku mbele ya kijana wa miaka 23 mwenye rasta.

Sasa kuna upande mwingine, na hao ndio walionifanya niandike leo. Kila vidio ya vijana wa panga ikizunguka, watu wazima wenye akili wanaanza kulia: pigeni marufuku panga! Visu visibebwe kabisa! Yeyote atakayepatikana na kisu afungwe!

Naelewa hofu. Sijifanyi. Nina shangazi Kisauni, na kuna miezi alikuwa anafunga duka saa kumi na mbili jioni kwa sababu vijana walikuwa wanatembea kikundi, panga mkononi, wanakata mtu kwanza ndio waulize simu. Watoto wa miaka 15, 16. Huyo anayekuja kwako na panga imeinuliwa, sitaki kusikia stori ya nia yake. Nia yake iko hewani inakuja. Lakini huyo hahitaji sheria mpya. Huyo ana 88, ana 89, ana 308, na akikuibia akiwa na hiyo panga ana 296 kifungu kidogo cha pili, wizi wa mabavu, ambao adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Kuna adhabu gani juu ya hiyo mnataka kuongeza? Kilichokosekana Kisauni hakikuwa sheria. Shangazi alipiga simu mara ngapi bila gari kuja, muulizeni.

Na kuna kumbukumbu ya 2007 na 2008, najua. Mimi nilikuwa mdogo sana, lakini nyumbani panga bado huitwa kwa sauti ya chini. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Watu husahau kwamba ripoti hiyo hiyo ilionyesha zaidi ya theluthi moja waliuawa kwa risasi, si panga, na risasi tunajua nani alikuwa nazo nyingi. Kwa hivyo ukiniambia usalama wangu utakuja kwa kumpa polisi sababu moja zaidi ya kunisimamisha, niruhusu nikohoe kidogo.

Panga huwezi kupiga marufuku Kenya. Iko kila nyumba. Inafyeka, inachimba shimo la mti, inapasua kuni, inakata majani ya ng'ombe, ikizeeka inakuwa ya kuku. Ukiipiga marufuku barabarani, mkulima wa Kinangop anayetembea kwenda shamba atakuwa mhalifu kuanzia kwa mlango wake. Nani atasimamishwa? Si yule wa kikundi cha vijana 20, huyo karao mmoja hamsimamishi. Atasimamishwa mzee peke yake kwa njia ya vumbi, na bei itakuwa 500.

Binamu yangu yuko London na aliniambia kule ndio kuna sheria kali. Nikasoma. Ni kweli, Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988, kifungu cha 139, inafanya kosa kubeba kitu chenye makali mahali pa umma, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3. Lakini hapo hapo, kifungu hicho kinataja sababu: kama una sababu nzuri, kama ni cha kazi, kama ni cha dini, kama ni sehemu ya mavazi ya kitaifa. Singasinga na kirpani yake yumo. Mpishi yumo. Mskoti na kisu chake cha soksini yumo. Sitaki tuchukue ile sheria, tulishachukua za kutosha kutoka huko. Nataka hicho kipande tu. Sheria yetu inasema "sababu ya maana" halafu inanyamaza, na pale inaponyamaza ndipo afande anapoweka bei.

Ngoja sasa niwageukie wasee wangu wenyewe, kwa sababu itakuwa unafiki nikiwaruka. Kuna mbogi inabeba kisu "ya protection". Mnatoka klabu saa nane, mnapita daraja, mnasema bora niwe nayo. Hata mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza chuoni, kisu cha matunda kwa soksi, nikajiona mtu wa sinema. Sikilizeni. Yule wa smokie akiulizwa "ni ya nini" ana jibu linalomtoa. Wewe ukiulizwa na ukisema "ya kujilinda", umemwambia afande kwa mdomo wako kwamba umebeba kitu kwa nia ya kukitumia kwa mwili wa mtu. Ile maana ya silaha niliyowasomea hapo juu, umeijaza mwenyewe, hahitaji shahidi. Haki ya kujitetea ipo, kifungu cha 17 kinaitambua, lakini hiyo inapimwa kwa kile ulichofanya ukivamiwa. Si leseni ya kutoka nyumbani umejihami.

Na tukiacha sheria, kuna kijana tulikuwa naye hosteli moja aliyetoa kisu chake ili kuwatisha watu wawili waliotaka simu. Hawakutishika. Walikichukua. Simu ilikuwa ya 12,000. Tulimzika Desemba. Siongezi kitu hapo.

Basi turudi kwa silaha, kwa sababu kuna jambo linanichoma kuliko kisu. Katiba Ibara ya 37 inatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Bila silaha. Tumeliimba hilo neno. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, tulitoka na simu, bendera na chupa ya maji, na tulikuwa tunakaguana wenyewe, ukija na jiwe unaambiwa liweke chini. Halafu 17 Juni 2025 katikati ya Nairobi wakaja watu kwa pikipiki, wana rungu na mijeledi, mchana kweupe, wanapiga waandamanaji na kuwaibia, na kamera zote ziliwaonyesha wakipita kando ya polisi kama wageni wa harusi. Siku hiyo hiyo muuza barakoa aliyekuwa kwa shughuli zake alipigwa risasi na polisi kichwani, karibu kabisa, na baadaye akafa. Hakuwa na kitu mkononi ila barakoa za kuuza.

Hiyo rungu ilikuwa ya nini, afande? Mbona siku hiyo hukuuliza? Kama kuna mazingira duniani yanayoonyesha nia, ni watu mia kwa pikipiki wakipiga wasichana kwa mijeledi. Kifungu cha 88 kiliandikwa kwa ajili yao, neno kwa neno: wamejihami, hadharani, bila sababu halali, kwa namna ya kutia hofu. Ila siku hiyo sheria ilikuwa imeenda chai. Ikarudi Ijumaa kupekua begi la smokie.

Ninachotaka si kikubwa na hakihitaji Bunge. Huduma ya Taifa ya Polisi inaweza kuandika maagizo ya ukurasa mmoja kesho asubuhi: mtu akipatikana na chombo cha kazi na akataja kazi yake, ulizeni kwanza hiyo kazi iko wapi, ndio mkamate. Mkimkamata, kitabu cha matukio kiandikwe ni mazingira gani yaliyowafanya mshuku, si "alikuwa na kisu" tu. Mkichukua kisu, toa karatasi iliyo na sahihi na namba ya afisa, na kama hakuna shtaka, kirudi siku anayotoka. Afisa mwaminifu hapotezi chochote hapo. Nasema hivi nikijua wapo. Kuna sajini mmoja wa mtaa wetu wa zamani aliyekuwa akimsindikiza mama yangu kutoka soko la usiku na hakuwahi kuomba hata soda.

Na wewe unayebeba chombo cha kazi, fundi, mpishi, kinyozi mwenye wembe, msichana wa kuuza matunda: kifunge, kiweke ndani ya begi, beba na kile kinachoenda nacho, kibao, kitambaa, aproni. Ukiulizwa, jibu kazi yako na mahali pake, usiseme neno "kujilinda" hata kwa mzaha. Uliza unakamatwa kwa kosa gani, hiyo ni haki yako kwa Ibara ya 49, na baada ya hapo unaweza kunyamaza. Na kama uko na rafiki wa kamera, mwambie asiende nyumbani.

Jamaa alirudi kazini Jumatano. Ile nafasi yake ya karibu na duka la dawa ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine, kwa hivyo sasa yuko upande wa pili, kwenye vumbi la matatu, na mauzo yameshuka. Amenunua kisu kingine, mpini mweusi. Kuenda kuuliza kile cha zamani amekataa, anasema atapewa kesi ya kisu cha pili.

Na kila usiku anabakisha smokie mbili. Wateja wanakuja, wanaziona kwa sufuria, wanaomba, anawaambia zimeuzwa. Kwa bei ya 35 hiyo ni shilingi 70 kwa siku. Anazifunga kwa karatasi, anazitia kwa begi juu ya kisu, tunaenda.